Wanachama hawataki kuhamia Telegram: je, tulifunge kundi la WhatsApp?

SWALI: Mimi ni katibu wa umoja wa watu tuliosoma sekondari moja mkoani Mwanza. Tuko zaidi ya mia tatu, wengi wetu Tanzania, wachache Nairobi, Muscat na Toronto. Kamati iliamua tuhamie Telegram kwa sababu kwenye WhatsApp nyaraka zinapotea, wanachama wapya hawaoni yaliyotangulia, na matangazo ya michango yanafunikwa na picha za "asubuhi njema". Nimetuma kiungo mara nyingi. Waliojiunga hawafiki robo, na huko kwenyewe kuko kimya. Mzee mmoja miongoni mwetu ameandika kwamba yeye si mzigo wa kuhamishwahamishwa. Kwa nini watu wanapinga jambo lenye manufaa dhahiri namna hii, na je, nilifunge kundi la zamani ili wasiwe na pa kubaki?

JIBU: Ndugu Katibu, nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka. Usilifunge kundi la zamani, angalau si sasa na si kwa lengo hilo. Ukilifunga leo, wanachama hawatakimbilia Telegram. Watafungua kundi jingine la WhatsApp jioni hiyohiyo, chini ya admini mwingine, na kamati yako itabaki na jukwaa zuri lisilo na watu. Kufungua kundi hakugharimu chochote wala hakuhitaji kibali cha katibu, kwa hiyo uwezo unaodhani unao wa kuwazibia njia huna.

Sasa nije kwenye upinzani wenyewe. Umeandika kwamba manufaa ni dhahiri, na hapo ndipo ninapotofautiana nawe. Ukizitazama kwa makini sababu tatu ulizozitaja, utaona kwamba zote ni kero za anayeliendesha kundi: katibu ndiye anayehangaika kutafuta muhtasari wa kikao cha mwaka juzi, katibu ndiye anayeulizwa na kila mwanachama mpya maswali yaleyale, na mweka hazina ndiye anayeumia tangazo la mchango linapozikwa chini ya picha za maua. Mwanachama wa kawaida, anayefungua kundi akiwa kwenye daladala ili ajue nani amefiwa na nani amejaliwa mtoto, kero hizo hazimgusi. Yeye mnamwomba apakue programu nyingine, afungue akaunti, azoee vitufe vipya na awe anachungulia sehemu mbili badala ya moja. Usumbufu ni wake, nafuu ni yenu. Katika hali hiyo kutokuhama si ukaidi, ni hesabu, na hesabu yake iko sawa.

Hesabu hiyo ina upande wa fedha ambao wanakamati wenye intaneti ya ofisini huusahau. Kwa miaka mingi kampuni za simu katika nchi zetu zimekuwa zikiuza vifurushi vya WhatsApp pekee, au vya mitandao michache ya kijamii iliyotajwa kwa majina, kwa bei ya chini kuliko bando la kawaida. Mwanachama aliyejiunga na kifurushi cha namna hiyo anaweza kusoma kundi lenu siku nzima kwa fedha kidogo, lakini akifungua programu isiyokuwamo, salio lake linayeyuka au ukurasa haufunguki kabisa. Kabla ya kumwita mtu mpinzani, muulize anatumia kifurushi gani. Muulize pia simu yake ina nafasi kiasi gani, maana simu ambayo kila wiki inamtaka mwenyewe afute picha ili ipokee ujumbe haiwezi kubebeshwa programu ya pili, hata mwenyewe akitaka.

Sababu ya kina zaidi, hata hivyo, haiko kwenye simu wala kwenye bando. Thamani ya kundi la mazungumzo haimo katika programu, imo katika watu waliomo ndani yake, na kila mmoja wao anasubiri kuona wengine wameelekea wapi. Wakazi wa Dar es Salaam wanakumbuka yaliyolikuta jengo la Machinga Complex, lililojengwa Ilala kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo: vizimba vilikuwapo, paa lilikuwapo, lakini wateja hawakuwa na tabia ya kupanda ghorofani, na vizimba vingi vikakaa miaka bila wenyewe, huku biashara ikiendelea barabarani. Muuzaji hakuhama kwa sababu mteja hakuhama, na mteja hakuhama kwa sababu muuzaji alikuwa bado yupo chini. Ile robo yako iliyojiunga Telegram ilifanya vizuri kutii, lakini ilipofika ilikuta kimya, na kimya hicho ndicho kilichowarudisha. Kila aliyeingia, akatazama, akatoka, sasa ana ushahidi wake mwenyewe kwamba huko hakuna kitu, na ushahidi wa macho yake haufutiki kwa tangazo jingine la katibu.

Jambo hili tulilishuhudia kwa ukubwa wake mwanzoni mwa mwaka 2021. Januari mwaka huo watumiaji wa WhatsApp walianza kuona tangazo la masharti mapya ya faragha, wakitakiwa kuyakubali kabla ya tarehe 8 Februari. Hofu ikatanda, na kampuni ikalazimika kusogeza tarehe hiyo hadi 15 Mei. Ndani ya siku hizo Telegram ilitangaza kwamba imepata watumiaji wapya milioni 25 kwa saa 72. Ungetarajia makundi ya ukoo, ya kanisa na ya mtaa yahame yote. Hayakuhama. Mamilioni ya watu walijisajili kwingine, kila mmoja kwa wakati wake, lakini kundi la shangazi na wajomba likabaki lilipokuwa, nao wakaendelea kulisoma hapohapo. Hasira dhidi ya jukwaa la zamani inatosha kumfanya mtu mmoja afungue akaunti mpya. Haitoshi kulihamisha kundi, kwa sababu kundi huhama kwa makubaliano na kwa siku moja.

Kwamba makubaliano ya namna hiyo yanawezekana, mfano mzuri ni Freenode. Huu ulikuwa mtandao mkongwe wa mazungumzo ya maandishi, ambamo miradi mingi ya programu huria ilikuwa na vyumba vyake. Mei 2021, kukiwa na mgogoro juu ya nani ana mamlaka ya mwisho juu ya mtandao huo, wafanyakazi wake wa kujitolea walijiuzulu kwa pamoja na kuanzisha mtandao mwingine, Libera Chat. Katika wiki chache tu miradi mikubwa kama Ubuntu, Fedora na Wikimedia ilikuwa imehamisha vyumba vyake. Walifanikiwa kwa nini? Kwanza, waliohama mbele ni wale ambao watumiaji walikuwa wakiwafahamu na kuwategemea kila siku. Pili, teknolojia ilikuwa ileile: mtumiaji alibaki na programu yake, akabadilisha anwani tu, kwa hiyo kuhama kulimgharimu dakika chache. Tatu, wamiliki wa Freenode walizidisha moto wenyewe walipotwaa mamia ya vyumba vilivyokuwa vimetaja Libera Chat, na waliokuwa wakisitasita wakapata sababu ya kuondoka. Wewe, Ndugu Katibu, katika hayo matatu huna hata moja: aliyetuma kiungo ni ofisi ya katibu, programu ni ngeni, na kundi la zamani halijamtendea mwanachama ubaya wowote.

Hata pale jukwaa linapofungwa kabisa, ufupi wa hatua ndio huamua. Yahoo ilipotangaza Oktoba 2019 kwamba itaondoa kumbukumbu za makundi yake ya barua pepe, na hatimaye kuifunga huduma yote tarehe 15 Desemba 2020, makundi mengi yalihamia Groups.io, huduma nyingine ya makundi ya barua pepe. Mwanachama aliendelea kupokea barua katika sanduku lilelile la barua pepe, na wapo ambao sidhani kama waligundua kwamba wamehama. Wanachama wenu mnawataka waende safari ndefu kuliko hiyo, na hakuna anayewafukuza walipo.

Kuna pingamizi jingine ambalo pengine hakuna aliyelitamka waziwazi kwenye kundi, nalo mimi nalichukulia kwa uzito kuliko yote. Umelalamika kwamba wanachama wapya hawaoni yaliyotangulia, ukaitaja Telegram kama dawa, kwa kuwa huko admini anaweza kuruhusu historia yote isomwe na kila anayeingia. Tafakari yaliyosemwa kwenye kundi lenu kwa miaka hii. Kuna mwanachama aliyeeleza maradhi yake akiomba mchango wa matibabu. Kuna aliyesema ndoa yake imevunjika, na kuna waliogombana kuhusu fedha za msiba kisha wakapatana. Waliyasema hayo mbele ya watu waliokuwapo siku hiyo, wakijua kwamba atakayejiunga kesho hatayakuta. Telegram inaruhusu hata kuhamishia kwake mazungumzo yaliyosafirishwa kutoka WhatsApp, nami nakusihi usifanye hivyo. Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ya mtu zimo katika zile zinazohitaji uangalifu wa pekee. Lakini hata isingekuwapo sheria, huo si uungwana kwa wenzako. Linalokuudhi wewe kama upungufu wa WhatsApp, kwao huenda ndilo lililowapa ujasiri wa kusema.

Hapohapo pana suala la usalama ambalo mara nyingi huelezwa kinyume. Wapo wanaoamini kwamba Telegram ni ya siri zaidi. Kwa makundi, sivyo. Ujumbe wa kundi la WhatsApp, tangu mwaka 2016, husimbwa kuanzia simu ya mtumaji hadi simu ya mpokeaji, kiasi kwamba kampuni yenyewe haiwezi kuusoma ukiwa njiani. Ujumbe wa kundi la Telegram hukaa kwenye seva za kampuni bila usimbaji wa namna hiyo, ambao huko umetengwa kwa mazungumzo ya siri ya watu wawili tu. Ndiyo maana Telegram inaweza kukuonyesha historia yote kwenye simu mpya bila taabu: ujumbe haujaondoka kwao. Mwanachama wako akisema "huko si salama", usimcheke; katika hili ana hoja.

Wenzenu wa Nairobi nao wana lao. Novemba 2024, wakati wa mitihani ya kidato cha nne, Telegram ilizuiwa kwenye mitandao ya Kenya ili kudhibiti udanganyifu wa mitihani. Kundi linalotegemewa kutangaza misiba haliwezi kupuuza hilo. Sisemi kwamba WhatsApp haizimiki: tarehe 4 Oktoba 2021 ilizimika duniani kote, pamoja na Facebook na Instagram, kwa takriban saa sita. Nitarudi kwenye suala la misiba.

Limebaki suala la mamlaka, nalo nitalisema kwa ufupi kwa kuwa unawafahamu watu wako kuliko mimi. Kundi la zamani lina maadmini wake, waliopatikana kwa historia ambayo haijaandikwa popote, na huenda mzee wenu ni mmojawapo au aliwahi kuwa. Kundi jipya limefunguliwa na kamati, na maadmini wake ni kamati. Mtu aliyezoea kwamba akisema neno kundi hutulia, anapoletewa kiungo kama anavyoletewa kila mtu, haoni programu mpya. Anaona utawala mpya. Neno lake la mzigo linaniambia kwamba hakuulizwa. Mpigie simu, usimwandikie, wala usimjibu mbele ya kundi. Usianze kwa kumweleza uzuri wa Telegram. Muulize yeye angependa nini kibadilike katika umoja wenu, kisha unyamaze umsikilize. Sitashangaa akikuambia kwamba naye amechoshwa na picha za asubuhi.

Ushauri wangu wa kwanza, kwa hiyo, ni kwamba msihame. Kero zenu tatu zina dawa hapohapo mlipo, na baadhi ya dawa hizo hazikuwapo miaka michache iliyopita, jambo linaloweza kuwa liliipita kamati yenu. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 WhatsApp ina kipengele cha Jumuiya, ambacho hukusanya makundi kadhaa chini ya mwavuli mmoja na kuyawekea sehemu ya matangazo ambamo maadmini pekee huandika. Fungueni jumuiya, muweke kundi la sasa ndani yake kama lilivyo, na matangazo ya michango na vikao yaende kwenye ile sehemu ya matangazo. Picha za asubuhi ziacheni ziendelee kwenye kundi la soga. Wanaozituma ni watu wanaotaka kusema kwamba wamo, wapo hai, wanawakumbuka wenzao, na mara nyingi ni haohao wanaochangia bila kukumbushwa. Mwanachama hapakui chochote, habadilishi bando, na tangazo la mweka hazina halifunikwi tena.

Nyaraka nazo hazikupaswa kukaa kwenye kundi la mazungumzo tangu mwanzo, liwe la WhatsApp au la Telegram. Katiba, mihtasari, orodha ya wanachama na taarifa za mapato na matumizi ziwekeni kwenye folda moja ya mtandaoni, kwa mfano Google Drive, chini ya akaunti ya umoja wala si ya katibu binafsi, ili uongozi unapobadilika akaunti ikabidhiwe pamoja na mhuri. Kiungo cha folda hiyo kiandikwe kwenye maelezo ya kundi. Mwanachama mpya akijiunga, mtumie ukurasa mmoja wenye historia ya umoja, kiwango cha ada, utaratibu wa kuchangia msiba na ugonjwa, na majina ya viongozi. Huo utamsaidia kuliko kumwachia ujumbe elfu kumi wa miaka iliyopita ajichimbie mwenyewe.

Mkishafanya hayo, pimeni kwa miezi mitatu au minne. Ikiwa bado mnaona kwamba lazima mhame, kwa mfano kwa kuwa umoja unapanuka na kuelekea kuvuka watu 1,024, ambao ndio ukomo wa kundi moja la WhatsApp kwa sasa, basi fanyeni kwa utaratibu tofauti na ule mlioufuata.

Msianze na tangazo. Anzeni na watu wachache ambao mazungumzo yenu yanawategemea. Katika kila kundi la mia tatu, wanaoandika mara kwa mara ni wachache sana, na wengine wengi husoma kimya. Nawe ukikaa jioni moja na kundi lako utawataja kwa majina: anayetangulia kutoa pole, mchekeshaji, anayeleta habari za walimu wenu wa zamani, mweka hazina. Zungumza na kila mmoja peke yake. Wakikubali, kundi limekubali. Wakikataa watatu kati yao, acha, kwa sababu wasomaji kimya watabaki na hao watatu. Na hao wasomaji kimya msiwadharau kwa kutosikika kwao: ndio wa kwanza kupotea kundi linapohama, kwa kuwa hakuna anayegundua kwamba hawapo, hadi mchango ufuatao unapokuja pungufu.

Uamuzi wenyewe upitishwe kwenye mkutano mkuu, ana kwa ana kadiri inavyowezekana, na wanachama vijana wakae na wazee palepale ukumbini, simu mkononi, hadi kila mmoja awe ameingia na kuandika neno lake la kwanza. Nusu saa ya namna hiyo ni bora kuliko miezi ya kutuma viungo. Chagueni siku moja ya kuhama, na iwe siku yenye jambo linalowagusa wote, kama maandalizi ya mahafali ya shule au sherehe ya kumuaga mwalimu, ili atakayeingia akute watu wanazungumza. Tangazeni pia kwamba ni majaribio, na tarehe ya kuyatathmini. Mtu hukubali kwa urahisi zaidi kujaribu akijua kwamba kurudi hakujazuiliwa.

Kosa linalofanywa na kamati nyingi wakati huo ni kuendesha makundi yote mawili na kunakili kila tangazo kutoka jipya kwenda la zamani, kwa huruma. Ni huruma inayoua. Anayepata kila kitu alipo hana sababu ya kuondoka, na mnajikuta na kazi maradufu bila kikomo. Acheni sehemu zote mbili zifanye kazi kwa wiki mbili hivi, kisha siku ya kuhama ikifika, kundi la zamani liwekeni katika mpangilio wa maadmini pekee kuandika, na ujumbe wa mwisho uwe kiungo cha jipya pamoja na namba ya simu ya mtu atakayemsaidia aliyekwama. Msilifute. Ndani yake mna sauti za watu ambao wameshafariki, na kuna mwanachama atakayetaka kuirudia sauti ya rafiki yake.

Misiba, hatimaye, isitegemee jukwaa lolote. Wekeni orodha ya namba za simu za wanachama wote, iliyogawanywa kwa mikoa na nchi, kila sehemu ikiwa na mtu mmoja mwenye jukumu la kupiga simu au kutuma ujumbe mfupi wa kawaida pindi msiba unapotokea. Itawafaa siku WhatsApp inapozimika, itawafaa wenzenu wa Nairobi kama Telegram itazuiwa tena, na itamfaa mzee wenu hata akiamua kubaki alipo. Orodha hiyo ikaguliwe kila mwaka kabla ya mkutano mkuu, maana namba hubadilika, na ikae kwa katibu, mweka hazina na hao wenye jukumu la kupiga simu tu, isibandikwe kundini.